Kibubu na Rangi: Kumfunza Mtoto Mdogo Kuweka Akiba



Katika mambo yatupasayo kuwafunza watoto wetu wangali wadogo, namna ya kushika fedha ni mojawapo, nalo ni jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Twawafunza watoto kutawadha kabla sala haijawawajibikia. Twawafunza kuwaamkia wakubwa kabla hawajaijua maana ya heshima. Lakini fedha twawaachia waijue wenyewe, kana kwamba elimu yake itawaota pamoja na ndevu. Matunda ya uzembe huo twayaona kila siku: kijana hodari wa kazi apata ujira wake mwisho wa mwezi, na siku ya kumi mfuko ni mtupu. Hakukosa akili wala hakukosa kipato, alikosa mafunzo.

Hapa petu Magomeni, katika mji wa Kilosa, somo hili si pambo. Watu wengi wa hapa hula kwa jembe: mahindi, mpunga na ufuta. Wengine hushika kibarua katika mashamba ya mkonge yaliyo njia ya Kimamba, na wengine hufanya biashara ndogo ndogo sokoni na stesheni. Fedha ya mkulima haiji kila mwezi. Huja mara moja au mbili kwa mwaka, nayo huja kwa kishindo kama mvua. Mwezi wa Julai nyumba ina neema na watoto wananunuliwa nguo. Mwezi wa Februari mama yao anapima unga kwa kikombe. Kwa mtu wa namna hiyo akiba ndiyo daraja itokayo Julai kwenda Februari, na asiyeijenga daraja mapema huvuka kwa kuogelea.

Sisi nyumbani mwetu tuna watoto watatu. Mkubwa, ambaye ni binti, alikuwa na miaka sita tulipoanza kulishughulikia jambo hili. Tuliona upesi kwamba maneno matupu hayafai kitu. Mtoto wa umri huo haijui kesho ya mbali. Ukimwambia "mwakani", kwake ni sauti tu. Hesabu yake yakoma ishirini, na baada ya hapo ni "nyingi sana". Ukimwambia aache andazi la leo apate mkoba wa shule mwakani, umemtaka abadilishe kitu anachokiona na kukisikia harufu kwa kitu ambacho hakipo. Hata mtu mzima hukataa biashara kama hiyo.

Basi tukatazama mtoto huyo ana chombo gani tayari mkononi mwake, tukaona kwamba anapenda kuchora. Hapana mtoto asiyechora. Mpe mkaa atachora ukutani, mnyime mkaa atachora mchangani kwa kidole. Na kazi ya picha ni ipi, kama si kukileta mbele ya macho kitu kisichokuwapo? Ikiwa mtoto haoni mwakani, na achore mwakani. Hiyo ndiyo njia tuliyoishika, na ndiyo tutakayoieleza hapa.

NDOTO ILIYOKUWA PICHA

Somo la akiba lililo maarufu kuliko yote lilikuja kwa njia ya picha. Katika Sura ya Yusuf, kuanzia aya ya 43, twasimuliwa habari ya mfalme wa Misri aliyeota ng'ombe saba wanene wakiliwa na ng'ombe saba waliokonda, na mashuke saba mabichi na mengine makavu. Wakuu wake hawakuweza kuifasiri. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, ndiye aliyeifahamu: miaka saba ya neema itafuatiwa na miaka saba ya shida. Wala hakuishia kufasiri, bali alitoa shauri la kazi. Walime miaka saba kwa bidii, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula.

Sisi tuliwasimulia watoto kisa hiki jioni baada ya Magharibi, kisha tukawapa karatasi. Tuliwaambia wachore mashuke saba ya kijani upande mmoja na saba makavu upande wa pili. Wao hawajaona ngano. Walichora mihindi, na sisi hatukuwakataza, kwa kuwa nafaka ya Kilosa ni mahindi. Binti yetu alipomaliza, alichora mstari kutoka kila shuke bichi hadi kila shuke kavu. Tukamwuliza, "Mistari hii ni ya nini, mama?" Akajibu, "Hili linampelekea lile chakula." Tangu siku hiyo hatukuhitaji kumweleza akiba ni nini.

Tukamwonyesha pia kwamba jambo hilo halipo Misri tu. Juu ya jiko la bibi yao kuna kichanja, na juu ya kichanja yamepangwa mahindi ya mbegu yakiwa na maganda yake, yamekuwa meusi kwa moshi ili dumuzi wasiyaguse. Mahindi hayo hayaliwi hata kama nyumba ina njaa, kwa sababu kuyala ni kuula mwaka ujao. Watoto walikuwa wakiyaona kila siku wasijue maana yake. Baada ya kuyachora, walijua.

Huenda msomaji akauliza habari ya kuchora viumbe vyenye roho. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu, na hapa si mahali pa kulirudia. Sisi tumechagua njia isiyo na mzozo: mimea, nyumba, vyombo, nyota na nakshi za maumbo. Mtoto hapungukiwi na kitu, kwani nakshi za milango ya Unguja na Lamu zafaa kuwa ushahidi kwamba mkono wa Mwislamu haukupata kukosa cha kuchora.

SARAFU NAYO NI SANAA

Hatua ya pili ilikuwa kuwafunza watoto kuitazama sarafu yenyewe. Aghalabu tunaipitisha mikononi bila kuiangalia, nayo ni kazi ya msanii. Watu wa pwani yetu waliijua sanaa hii zamani sana. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Mreno hajafika, na sarafu za Sultani Ali bin al-Hasan zilikuwa na maandishi ya vina: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande zote mbili zikiishia sauti moja. Mtu aliyeshika sarafu ya Kilwa alishika fedha na dua kwa pamoja.

Na wasomaji wetu wenye mvi watazikumbuka senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, zilizoweza kutungwa katika uzi kama shanga. Kisha mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake, zikatoka sarafu zetu wenyewe: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, sumni yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioushika Mwenge. Mtoto wa zama zile ambaye hakujua kusoma hakuweza kudanganywa dukani, maana alijua kwamba sungura ni mkubwa kuliko mbuni. Picha ndiyo iliyomsomea.

Sarafu za leo zina picha pia. Kwenye shilingi hamsini yuko kifaru na mtoto wake, kwenye mia wako swala, kwenye mia mbili simba, na kwenye mia tano, iliyoanza kutumika mwaka 2014, yuko nyati. Sisi wa Wilaya ya Kilosa tuna bahati, kwani wanyama hawa ni jirani zetu. Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, iko papa hapa, na abiria wa basi huwaona swala na nyati wakiwa kwenye viti vyao. Watoto wetu walipopita huko kwenda Mikumi mjini, walizitoa sarafu zao wakawa wakilinganisha. Simba hawakumwona siku hiyo. Kijana wetu wa pili, mwenye miaka mitano, akauliza, "Na wa hamsini yuko wapi, baba?" Hapo tulipata somo ambalo hatukulipanga. Tulimwambia kwamba kifaru alikuwako katika mbuga ile, lakini watu waliwinda na kuwinda wala hawakuacha akiba, hata akabaki kwenye sarafu tu. Alikaa kimya mwendo mrefu wa njia.

Zoezi lenyewe ni jepesi, nalo halihitaji kununua kitu. Mtoto huweka sarafu juu ya karatasi, huzungusha penseli ukingoni, kisha ndani ya duara huandika tarakimu ya thamani yake. Kwa njia hiyo hujifunza tarakimu, hujifunza kwamba ukubwa wa umbo na ukubwa wa thamani ni mambo mawili, na hujifunza kupanga: duara mbili za mia ni sawa na duara moja ya mia mbili. Baada ya majuma machache, kijana wetu aliweza kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili.

KIBUBU CHA MKONO WAKE MWENYEWE

Kibubu, kama jina lake lisemavyo, ni bubu mdogo: ana mdomo wa kupokea, hana mdomo wa kusema. Watu wengi duniani wamekuwa na chombo cha namna hii. Katika kisiwa cha Java, huko Indonesia, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata pale Trowulan vibubu vya udongo vya dola ya Majapahit, vya karne ya 14 na 15, na baadhi yake vina umbo la nguruwe. Umbo hilo sisi hatuna haja nalo, na watoto wetu walipolisikia walicheka sana, lakini jambo lenyewe ni ushahidi kwamba mwanadamu popote alipo amejua kuwa fedha iliyo wazi haikai.

Vibubu vya kununua vipo sokoni, vya mbao na vya bati. Sisi tuliona afadhali mtoto atengeneze chake. Bibi yao alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, na mikono haijasahau. Aliwapeleka kando ya mto kuchukua udongo, akawaonyesha namna ya kuukanda hata usiwe na changarawe, kuuviringisha kama nyoka, na kuuzungusha nyoka juu ya nyoka mpaka chungu kizibe juu. Tundu la sarafu lilipasuliwa kwa ukindu udongo ukiwa bado mbichi. Vibubu vikakaa kivulini siku kadhaa, kisha vikachomwa shimoni kwa kuni na majani makavu. Katika vitano vilivyochomwa, viwili vilipasuka. Hilo nalo ni somo, maana hicho kilichobaki kizima kilipendwa maradufu.

Rangi hatukununua. Nyeusi ilitoka kwenye mkaa uliosagwa, njano kwenye manjano ya jikoni, nyekundu kwenye udongo wa kichuguu, kijani kwenye majani yaliyopondwa. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Tuliyasema haya makusudi, kwa sababu wako wazazi wanaodhani kuwa sanaa ni jambo la wenye fedha. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limeenea duniani pamoja na mtindo wake, alianza Dar es Salaam kwa vipande vya ubao na rangi za kupaka baiskeli.

Kila mtoto alikipamba kibubu chake apendavyo, na hapo tuliona faida ambayo kibubu cha dukani hakina. Chombo alichokifanya mtoto kwa mikono yake, akakitia nakshi na akakilinda kisipasuke motoni, hakivunji kwa ajili ya pipi. Nakshi zake zalinda kuliko kufuli.

Lakini kibubu kina upungufu mmoja: huficha. Sarafu ikishaingia haionekani, na mtoto mdogo husahau asichokiona. Kwa hiyo tukaweka na picha. Binti alichora mkoba wa shule nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani, tukaigawa picha vyumba arobaini, na tukaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Kila chumba ni shilingi mia mbili. Atakapotia mia mbili kibubuni, atapaka chumba kimoja rangi. Mkoba pale sokoni ulikuwa shilingi elfu nane, na arobaini mara mia mbili ni elfu nane. Yeye hakuijua hesabu hiyo, wala hakuihitaji. Alijua kwamba picha ikijaa rangi, mkoba umepatikana.

Alianza mwezi wa Julai. Alikuwa akipewa mia mbili ya andazi kila siku ya shule, naye akachagua siku mbili za juma kutokula andazi. Sisi hatukumlazimisha kuchagua siku nyingi zaidi, maana mtoto anayefanywa aichukie akiba atalipa kisasi akikua. Picha ilijaa mwisho wa Novemba. Shule zilipofunguliwa Januari, alikwenda na mkoba wake. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada katika shule zake kuanzia za msingi mpaka kidato cha nne, lakini daftari, sare, viatu na mkoba bado ni juu ya mzazi, na kila mzazi wa Magomeni anajua mwezi wa Januari ulivyo mrefu.

DENI LA MTOTO

Sasa tutaeleza jambo lililotokea kwa jirani yetu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Amani ya jirani ni wajibu, basi hatutamtaja.

Binti yake, rafiki wa binti yetu, alikuwa na kibubu kama hivyo. Ulipofika mwezi wa Februari, unga ukaisha ndani, na baba hakuwa na kibarua. Usiku mmoja alikipindua kibubu, akaingiza kisu katika tundu, na sarafu zikateremka juu ya bapa la kisu moja moja. Alitoa sarafu ishirini na mbili za shilingi mia. Asubuhi watoto walikunywa uji, na aliyekunywa kwanza ni yule mwenye kibubu.

Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuwalisha watoto wake. Lakini mtoto alikinyanyua kibubu, akasema, "Baba, kibubu changu kimekuwa chepesi." Baba akanyamaza. Tangu siku ile mtoto hakutia kitu. Kila alichopewa alikimaliza kwa ubuyu kabla hajafika shuleni, na alipoulizwa na binti yetu akajibu kwamba fedha ya kibubuni hailiwi na mwenyewe. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekwisha hitimisha kuwa kuweka akiba ni kuwawekea wengine, na kwamba hapana usalama ila tumboni.

Hili ndilo jambo ambalo wazazi wengi hatulioni. Mtoto anapoanza kuweka akiba hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Hujifunza kujizuia, na hujifunza kuamini. Kujizuia ni kazi yake. Kuaminiwa ni kazi yetu. Ukimwibia mtoto shilingi mia umemwibia na ile imani ambayo juu yake ataweka elfu na laki, nayo hainunuliki dukani.

Bibi wa nyumba ile, mama yake huyo bwana, alilitatua jambo kwa hekima. Alimwita mwanawe mbele ya mtoto, akasema, "Mwanangu, ulichofanya si wizi ikiwa ni deni. Na deni la mtoto ni deni. Liandikeni." Baba akasema, "Mama, mtoto hajui kusoma vizuri." Bibi akajibu, "Basi lichoreni."

Ndugu wasomaji, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ya 282 katika Sura ya al-Baqara, nayo haizungumzii vita wala hija: yazungumzia kuandika deni. Tena imeonya watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Bibi yule hakuwa mwanachuoni, lakini aliifahamu aya hiyo kuliko wengi wanaoisoma kwa sauti nzuri. Baba alichukua chaki, akachora nyuma ya mlango duara ishirini na mbili, na mtoto akazihesabu mara mbili.

Duara zilikaa pale Machi, Aprili na Mei. Kila mlango ulipofungwa usiku, baba aliliona deni lake. Mwezi wa Juni ufuta ukauzwa, na malipo yakaanza. Kwa kila sarafu iliyorudi, mtoto aliipaka duara moja manjano. Sarafu ya kwanza hakuipokea kwa kicheko, ila aliitia rangi duara yake, akamtazama baba yake usoni, kisha akaenda kucheza. Siku ya tatu duara zote zilikuwa njano. Baba akatoa sarafu ya ishirini na tatu, akaitia mwenyewe. Mtoto akasema, "Hii haina duara." Bibi akamwambia kwamba mdaiwa akiongeza kwa hiari yake kitu ambacho hakikusharutishwa, hiyo si riba bali ni wema, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akilipa deni kwa kilicho bora kuliko alichokopa na kuwasifu walipao vizuri. Baadaye mtoto mwenyewe alichora duara ya ishirini na tatu, akaipaka nyekundu. Juma lile lile alianza kuweka tena.

AKIBA ISIWE UBAHILI

Yatupasa pia kujihadhari na upande wa pili. Mtoto akifunzwa kukusanya tu, atakuwa mtu wa kuhesabu mali yake na kuidhania kuwa itamdumisha milele, na watu wa namna hiyo wamekemewa vikali katika Sura ya al-Humaza. Qur'ani imetukataza kuufunga mkono shingoni, na ikatukataza kuukunjua wote (Sura ya Bani Israil, aya ya 29). Kati ya hayo mawili ndipo mahali petu.

Kwa hiyo kila mtoto wetu ana vibubu viwili. Kimoja kina picha ya haja yake, cha pili kina nakshi ya nyota, nacho ni cha sadaka. Fedha ya kutumia haihitaji chombo, hiyo ina miguu yake yenyewe. Kibubu cha nyota hufunguliwa mwisho wa Ramadhani, na watoto wenyewe ndio huamua nani apewe, na huenda kumpa kwa mikono yao. Mwaka wa kwanza walimchagua bibi kizee anayeuza kashata karibu na shule, kwa sababu, walisema, yeye huwapa watoto wengine kashata bila fedha.

Kibubu kina mipaka yake vile vile. Watu wa Kilosa hawahitaji kukumbushwa mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, maelfu wakayahama makazi yao na kuishi mahemani, na reli ikasombwa. Maji hayakuuliza nani ana kibubu chini ya kitanda. Akiba ya mtoto ikishafika kiasi, itolewe nyumbani. Inaweza kununua kuku, na kuku ni akiba itagayo. Inaweza pia kupelekwa mahali pa amana. Anayehofia riba ana njia nchini: Amana Bank ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011 juu ya msingi wa kutochukua wala kutoa riba, na benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo.

Na liko jambo la zama zetu. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha imezidi kutoonekana. Mtoto humwona mama akibonyeza simu, na unga waja. Yeye hadhani kuwa kuna kitu kilichopungua. Wazee wetu walitunga senti katika uzi, wakaona uzi ukifupika. Mtoto wa leo haoni uzi wowote. Kwa sababu hiyo picha ya ukutani ina kazi kubwa zaidi leo kuliko zamani: mama akituma fedha, na amwambie mtoto afute duara moja.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI NA VIJANA

Twawashauri ndugu zetu mambo haya. Anza mtoto akiwa na miaka mitano au sita, wala usingoje ajue kusoma. Mwache achague haja yake mwenyewe, na haja ya kwanza iwe ndogo, ipatikane kwa miezi michache. Mpe mkaa na karatasi kabla hujampa hotuba. Usimzuie kula andazi lake kila siku. Na zaidi ya yote, usiguse kibubu chake bila idhini yake. Ukilazimika, mwombe mbele ya watu wa nyumba, lichoreni deni hilo, na ulilipe.

Na ninyi vijana, mlio na wadogo zenu nyumbani, kazi hii mwaiweza kuliko sisi. Mtoto humsikiliza mzazi, lakini humwiga kaka na dada. Akikuona wewe una picha yako ukutani, iwe ya baiskeli, ya cherehani au ya ada ya chuo, naye ataomba karatasi.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Mahindi huoza, ufuta huliwa na wadudu, na fedha nayo hupungua thamani. Kisichooza ni tabia, na tabia hutiwa mapema, udongo ungali mbichi, kabla haujaingia motoni. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu mikono yenye kuzuia kwa akili na kutoa kwa ukarimu, na sisi atujaalie kuwa waaminifu kwa kidogo walicho nacho. Amin.